Mnaoanza kazualti, tuongee kuhusu Valium kabla hamjaishika

Nyinyi mnaoanza kazi mwezi huu hapa Malindi, hasa mliopangwa usiku, kuna dawa moja nataka tuiongee mapema, diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, sisi twaiita Valium tu hata boksi likiwa na jina jengine. Mapema manake siku utakayoihitaji hutakuwa na nafasi ya kufikiri.

Mama anaingia mbio katoka Ganda ama Gongoni kwa bodaboda, mtoto macho yamepinduka, mwili unakakamaa na kurukaruka, nyanya anasema ni nyuni, lile pepo linaloaminika kushika watoto, na pengine washamfukiza nyumbani ndo wakaja. Msiwakaripie jamani. Ulizeni tu limeanza saa ngapi, kwa sababu degedege likipita dakika 5 haliachi lenyewe kirahisi. Mlaze ubavu, oksijeni, pima sukari, malaria kali inashusha sukari sana na hapo Valium peke yake haitasaidia kitu.

Dozi ya mshipa kwa mtoto ni miligramu 0.3 kwa kila kilo. Ampuli, kile kichupa cha dawa, ni miligramu 10 ndani ya mililita 2, kwa hivo mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 3, yaani mililita 0.6, ona ilivyo kidogo. Mshipa ukikataa usikae kumtobo­atoboa, pitishia nyuma, miligramu 0.5 kwa kilo, sirinji bila sindano, kisha ubane makalio isirudi. Ya msuli usipige, haieleweki itaingia kwenye damu saa ngapi. Na kichanga asiyetimiza mwezi hii si dawa yake, yeye ni fenobabitoni.

Mwaka wangu wa kwanza, hospitali nyengine, niliisukuma yote kwa mpigo kwa vile mama alikuwa ananililia sikioni. Mtoto akatulia palepale, nami nikageuka kuandika faili. Sista mkubwa ndo aliyeona kifua hakipandi, akanyakua ambu, ule mfuko wa kusukumia pumzi, akampa pumzi mpaka mtoto akaanza kuvuta mwenyewe. Alipona alhamdulillahi, lakini kile kifua kilichonyamaza nakiona mpaka leo. Sukuma taratibu, dakika nzima ukiangalia saa, ambu iwe mkononi mwa mwenzako sio kabatini, na akitulia ndo kazi yako inaanza, kaa hapohapo uhesabu pumzi. Asipotulia rudia mara moja tu, dozi mbili ndo mwisho kwa masaa 24, hapo daktari awe ashaitwa mwende dawa nyengine.

Hapa kwetu kuna na jengine. Vijana wanaotumia unga (heroini), hata walioko kwenye methadoni, dawa ya kuwaachisha unga, baadhi yao huchanganya na vidonge vya jamii hii ya Valium, mtaani mtasikia bugizi. Kila kimoja kinapunguza pumzi, vikikutana vinaweza kuizima kabisa, ndo maana mwaka 2016 Marekani waliamuru onyo la juu kabisa liandikwe kwenye dawa zote mbili. Kijana akiletwa hasikii haitiki, naloksoni inatoa unga lakini haiigusi Valium, kwa hivo akizidi kulala usiseme dawa imeshindwa, mpe pumzi kwa ambu umsubiri. Flumazenili ndo ya kuiondoa Valium lakini kwa aliyezoea vidonge inaweza kumletea degedege, usiikimbilie. Akiamka muulize kwa heshima anameza nini na tangu lini, huyo ni ndugu wa mtu mnayesali safu moja. Akisema ni kila siku kwa miezi, msimkatie ghafla hata kama mna nia njema, kukata ghafla nako kunaleta degedege, anapunguziwa kidogokidogo.

Na wazee. Hawa naona wanasahauliwa sana. Nyanya kapewa kidonge cha usingizi, hii hii Valium, akawa anaendelea nacho mwaka mzima, na dawa hii haitoki haraka, mabaki yake yanaweza kukaa mwilini siku kadhaa na kila usiku anaongeza juu yake. Alfajiri anaamka kutia udhu, miguu haina nguvu, anaanguka chooni. Kwa hivo akiletwa mzee kavunjika nyonga, kabla hamjaandika kateleza, mwambieni mjukuu akimbie nyumbani alete mfuko wa dawa wote mzima mzima, muumwage kitandani muangalie.