Segovia unapandia Chamartín
Hapana mkuu, umeuliza kama treni ya kwenda mji wa Segovia, Hispania, unapandia steshini ya Atocha pale Madrid, Atocha ni kwa treni za mji wa Toledo, treni ya kasi ya Segovia unapandia steshini ya Chamartín kule kaskazini mwa Madrid, ni kama nusu saa umeshafika kwa hiyo kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni kawaida kabisa. Najua maana nilishajichanganya mwenyewe, nimetua Atocha asubuhi na kibegi changu, naangalia ubao hata jina la Segovia sioni, tiketi ikaungua hivihivi. Ila kuna kitu watu hawasemi, hiyo steshini ya Segovia inaitwa Guiomar na iko porini nje ya mji, ukishuka usianze kutembea eti unapunga upepo, panda basi namba 11 linakushusha palepale kwenye ule mfereji wa juu wa kupitishia maji uliojengwa na Warumi, mawe matupu yamepangwa bila saruji wala chokaa, karibu mita 28 kwenda juu na mpaka leo umesimama. Na kama umefikia karibu na Moncloa, hapohapo Madrid, achana tu na treni, kuna mabasi yanaenda hadi Segovia mjini, saa moja na kidogo hivi, tena bei nafuu.