Maswali na majibu: namba 2,147,483,647

Wiki iliyopita niliandika kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa: haigawanyiki kikamilifu ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wasomaji wa Lubumbashi wameniuliza mengi.

*Mwalimu, programu ya zamani ya duka letu la jumla imeonyesha mauzo ya mwaka yakiwa hasi! Tumeibiwa? (Mama wa komini ya Kenya)*

Hilo peke yake si dalili ya wizi, mama. Programu nyingi za zamani huandika namba kwa biti 32 (biti ni tarakimu ya kompyuta, ama 0 ama 1), na moja kati ya hizo ni ya kuonyesha chanya au hasi. Zilizobaki 31 zikijaa zote, umefika 2,147,483,647. Ongeza franka moja tu, inaruka hadi −2,147,483,648. Mngehesabu kwa dola msingefika huko upesi, lakini kwa franka duka kubwa linafika. Fundi aihamishie biti 64.

*Kabla ya kompyuta, nani aliweza kuhakikisha kwamba ni tasa? (Mwanafunzi, Katuba)*

Mwanahesabu Leonhard Euler, mwanangu, na matokeo yake yalitoka mwaka 1772. Alikuwa Saint Petersburg, Urusi, macho yake karibu yamezimika kabisa. Nakuomba ushike kalamu, maana hapa ndipo utamu wote ulipo.

Namba yetu ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Kama ingekuwa na vigawanyo vingine, kimojawapo kingekuwa namba tasa isiyozidi 46,340, kipeuo chake cha pili cha karibu (ukizidisha 46,340 kwa yenyewe unaikaribia namba yetu). Kuzijaribu zote ni kazi ya kuchosha. Euler aliuliza kwanza: kigawanyo hicho lazima kiweje? Akaona kwamba ukikitoa 1, kinachobaki lazima kigawanyike kwa 62. Na kwamba ukikigawa kwa 8, baki ni 1 au 7. Masharti hayo mawili kwa pamoja yanadai kwamba ukikigawa kwa 248, baki liwe 1 au 63. Kazi ikashuka hadi majaribio yasiyozidi 372.

Namba tasa ya kwanza inayotimiza masharti ni 311. Igawe mwenyewe: 311 mara 6,905,092 ni 2,147,483,612, baki 35. Imekataa. Zinazofuata nazo zinakataa, hadi mwisho. Mimi naipenda hesabu hii kuliko zote ninazofundisha.

*Ni kweli saa za kompyuta zitaharibika mwaka 2038? (Fundi simu, Kampemba)*

Zile zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32, ndiyo. Kwa saa zetu, zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 11 na dakika 14 na sekunde 7 alfajiri. Simu mpya za biti 64 hazina shida hiyo.

*Ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote? (Dada wa Ruashi)*

Hapana, dada. Namba tasa hazina mwisho. Mwaka 1876 mwanahesabu Édouard Lucas alithibitisha moja yenye tarakimu 39, na iliyopatikana mwaka 2024 ina tarakimu 41,024,320.