Ukienda Madison majani yakianza kugeuka rangi

Koti nililinunua kwenye mitumba pale Mlango Mmoja, Mwanza, na muuzaji aliniapia kwamba lile ni la theluji kabisa. "Dada, barafu ikikukuta umelivaa hili inarudi ilikotoka." Nilipotua Chicago wiki ya mwisho ya Septemba jua lilikuwa linawaka na vijana wamevaa kaptula. Nikapanda basi, safari ya kama saa tatu hadi Madison, nimelipakata koti langu kama mtoto wa watu. Kesho yake alfajiri nikatoka kwenda kuliangalia ziwa nikiwa na blauzi tu, kwa kuwa nilishajiridhisha kwamba huku hakuna baridi. Sikufika hata mita mia.

Kijana wa dada yangu, anayesoma pale, alinikuta mlangoni nikitetemeka. "Mama mdogo, huku nguo hazivaliwi kwa siku. Zinavaliwa kwa saa."

Ana haki. Septemba mchana hufika nyuzi 22 au 23, alfajiri zinashuka hadi 11 hivi. Oktoba ikishika, mchana ni kama 15 na usiku unakaribia 4. Kwa hiyo beba vitatu vyepesi kuliko kimoja kizito: fulana, sweta, na kijikoti cha kuzuia upepo. Na kanga. Kanga ndiyo iliyoniokoa kuliko koti la Mlango Mmoja, maana inakaa kwenye mkoba, inakuwa skafu, inakuwa shuka, unaitandika kwenye kiti chenye umande.

(Vitabu vyetu huyaita majira haya vuli, na mimi hilo jina hunisumbua. Kwetu vuli ni mvua. Mwambie mkulima wa Sengerema kwamba vuli ni majani kukauka na kudondoka, atadhani unamtabiria njaa.)

Madison ni mji mkuu wa jimbo la Wisconsin, na umekaa juu ya kipande chembamba cha nchi kavu kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Waho-Chunk, ambao ndio wenyeji wa asili, wanapaita Teejop, maana yake maziwa manne, kwa sababu yako mengine karibu. Chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1848, mwaka uleule Wisconsin ilipokuwa jimbo la Marekani, na tangu hapo mji na chuo vimekua pamoja mpaka huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Watu kama 270,000, wanafunzi karibu 50,000. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa hauhusu mahali pa kwenda. Unahusu kalenda.

Kabla ya kukata tiketi ya ndege, angalia ratiba ya mechi za nyumbani za timu ya chuo. Nasema ule mpira wao wa kushika mkononi na kuvaa helmeti. Uwanja wa Camp Randall, ambao wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ulikuwa kambi ya kufunzia wanajeshi, huingiza watu zaidi ya 75,000. Hebu fikiria robo ya mji imeamka siku moja imevaa nyekundu, na wengine wengi wamekuja kutoka wilaya za mbali wakiwa na majiko ya kuchomea soseji nyuma ya magari yao.

Mimi sikuangalia. Chumba nilichokuwa nimekiona kwa bei ya kawaida siku ya Jumatano kilikuwa kimepanda karibu mara tatu kwa Ijumaa na Jumamosi, tena hawakukubali mgeni alale usiku mmoja. Nikaishia sebuleni kwa kijana, kwenye kochi ambalo aliliokota barabarani. Sitanii. Mikataba mingi ya nyumba za wanafunzi huisha tarehe 14 Agosti na mipya huanza tarehe 15, kwa hiyo nusu ya mji unahama kwa wakati mmoja na vitu visivyobebeka vinaachwa kando ya njia: makochi, meza, feni, masufuria. Wenyewe huita Krismasi ya mahipi. Kochi lilikuwa zuri tu, ila upande mmoja lilizama kama mtumbwi.

Siku ya mechi ina raha yake ikiwa ulijipanga. Tangu 1998, robo ya tatu ikimalizika hupigwa wimbo wa kurukaruka na uwanja mzima unaruka. Tulikuwa mitaa kadhaa mbali na sauti ilitufikia kama mvua ya mawe juu ya bati. Alama ya timu ni mnyama wa jamii ya nyegere wetu, ingawa nyegere wa kwetu akisimamishwa mbele ya yule atamfukuza hadi Chicago. Ukiwa huna tiketi, wakati mechi inachezwa ndipo mji unakuwa wako. Nenda jumba la sanaa la Chazen, kuingia ni bure. Mechi ikiisha, rudi ndani.

Lakini kama unaweza kuchagua, fika Jumatano, ondoka Jumapili, na Jumamosi yako iwe ile ambayo timu inacheza ugenini. Hapo utalifaidi soko.

Soko la wakulima hufanyika kila Jumamosi kuzunguka jengo la bunge la jimbo, kuanzia Aprili hadi katikati ya Novemba, na limekuwapo tangu 1972. Anayeuza ni lazima awe ndiye aliyezalisha. Hakuna dalali, hakuna mchuuzi wa kati. Watu wote wanazunguka jengo kwa mwelekeo mmoja, kinyume na mishale ya saa. Hakuna kibao kikubwa kinachokuambia hivyo. Mimi nilikwenda upande wangu kama niko Kirumba sokoni, na kwa dakika kumi nzima niliombwa radhi na kila mtu niliyemgonga, mpaka bibi mmoja akanishika kiwiko taratibu akanigeuza. Kosa la pili lilikuwa kusema, "Nipunguzie kidogo." Muuza tufaha alinitazama kwa huruma, akaniongezea tufaha moja bure, bei ikabaki palepale.

Nunua tufaha, nunua jibini changa lile la vipande vidogo, lakini lile la asubuhi hiyo: likiwa bichi hulia chini ya meno kama kandambili mpya kwenye sakafu. Likilala halilii tena. Kisha ingia ndani ya jengo la bunge, lilikamilika mwaka 1917, inua uso uangalie kuba, dakika ishirini zinatosha.

Sasa ziwa. Mimi nimekulia Kirumba. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Mendota lina kama 39. Unasimama ukingoni unaona nyumba za ng'ambo, karibu unaona na nguo zilizoanikwa. Nikamwambia kijana, "Baba, hili kwetu tungeliita bwawa." Hakucheka. Akanipeleka tukakae.

Pa kukaa panajulikana: baraza kubwa la nyuma ya Memorial Union, jengo la wanafunzi lililofunguliwa mwaka 1928. Limejaa viti vya chuma vyenye mgongo uliochongwa kama miale ya jua, vya njano, vya kijani, vya rangi ya machungwa. Huna haja ya kuwa mwanafunzi. Tafuta kiti, kiburute hadi ukingoni, tulia. Mwishoni mwa Septemba jua linazama kama saa moja kasoro kumi jioni, karibu sawa na Mwanza, nikajiona niko nyumbani. Kumbe sivyo. Kwetu jua linajua kazi yake mwaka mzima; kule kila siku linaiba karibu dakika tatu. Niliporudi kwenye kiti kilekile baada ya siku sita tu, niliona wazi limewahi kushuka. Watu wa kule wanalijua hilo, ndiyo maana wanakaa nje kama watu wanaoaga.

Asubuhi ni nzuri kuliko jioni, ila watalii wengi wanaikosa kwa usingizi. Maji bado yana joto la kiangazi na hewa imeshapoa, basi ukungu unafuka juu ya ziwa kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Siku zikiendelea, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, na upepo unalivuruga ziwa lote hadi chini, mita 25 penye kina kirefu. Haya tunayajua kwa sababu Mendota limechunguzwa kuliko maziwa mengi duniani. Edward Birge na Chancey Juday walilipima hapo miaka mingi mwanzoni mwa karne iliyopita. Hapo ndipo nilipoacha kuliita bwawa.

Kuoga? Angalia kwanza. Ukiona maji yana utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, usiingie, na mtoto asiyachezee: ni mwani wenye sumu, unaonawirishwa na mbolea inayotiririka kutoka mashambani. Na vaa viatu. Tangu 2015 ziwa lina kome wadogo wageni, wenye magamba makali kama wembe. Mimi nilichovya vidole vya miguu, nikaridhika.

Tembea hadi Picnic Point, ulimi wa ardhi ulioingia ziwani. Kwenda ni kama kilomita moja na nusu, njia ni ya udongo, tambarare, hata mama mwenye goti anaimudu. Nchani unageuka unaona mji wote ukielea juu ya maji, kuba la bunge katikati. Majani mwishoni mwa Septemba yalikuwa yanaanza tu: mti mmoja umewaka, kumi ya kijani. Anayetaka msitu mzima mwekundu aende katikati ya Oktoba na akubali baridi. Mimi nilifurahia ule mmoja mmoja. Rangi ya njano, kumbe, ilikuwamo kwenye jani siku zote, imefunikwa na kijani. Ni nyekundu ndiyo hutengenezwa upya.

Ijumaa kula samaki. Wisconsin nzima Ijumaa jioni ni samaki wa kukaanga, mazoea yaliyotoka kwa wahamiaji Wakatoliki waliokuwa wakijinyima nyama. Wataleta na kabichi na mkate mweusi. Samaki hana kichwa, hana mifupa, na ukiuliza kichwa kimekwenda wapi mhudumu anashtuka.

Jioni yangu ya mwisho tulikuwa kwenye viti vyetu tukibishana na kijana kuhusu kiasi cha dagaa nitakachomtumia, mara binti mmoja wa Kizungu kiti cha jirani akageuka. "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba kwa sauti ambayo nadhani ilisikika ng'ambo. Anasoma Kiswahili palepale. Chuo kilifungua idara ya lugha na fasihi za Kiafrika mwaka 1964, na ni katika chuo hichohicho alipofundisha miaka mingi Jan Vansina, mwanahistoria aliyezipa heshima simulizi za wazee wetu kama ushahidi wa historia. Binti alikuwa na swali lililomkwaza tangu asubuhi. Mwalimu ameandika ubaoni kwamba Madison ni mji wa maziwa, halafu akasema ni kweli mara mbili, darasa lote likakodoa macho. Ana maana gani?

Nikamwonyesha Mendota kwa kidole. Kisha nikamwonyesha aiskrimu aliyoishika mkononi, ya kiwanda cha chuo, inayeyuka.