Jibu: Kuvu ya mapafu kwa mgonjwa aliyepandikizwa figo

Dada, pole na kuuguza. Umeuliza kama ukungu wa banda la mbata (nazi kavu) hapo Pangani ndio uliomwingia kaka mapafuni, na kama atawaambukiza watoto. Ikiwa ni kuvu, watoto hawaambukizwi, walale naye nyumba moja bila wasiwasi; TB ndiyo inayoambukiza, kwa hiyo vipimo vithibitishe kwanza kuwa si TB.

Banda, ndiyo, linaweza kuchangia. Aspajilasi, yaani kuvu hiyo, imo kwenye vumbi, majani yanayooza, nazi zilizolala. Sote tunaivuta kila siku na kinga inaimaliza. Kaka yako kinga yake imeshushwa kwa dawa ili figo isikataliwe. Mjomba wangu nilimkuta akikung'uta magunia ya mbata miezi minne tu baada ya kupandikizwa, vumbi la kijani limepanda hadi kwenye kenchi! Nilimnyang'anya gunia, akaninunia wiki nzima.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni hilo la jirani kusema "hiyo TB tu". Inaweza kuwa TB kweli, lakini makohozi yapimwe na kifua kipigwe picha ya CT kwanza, na kila daktari aambiwe kuhusu figo. Rifampisini, dawa ya TB, inashusha kiwango cha takrolimusi (dawa ya kuzuia figo isikataliwe) mwilini, na vorikonazoli, dawa ya kuvu, haifanyi kazi ikichanganywa nayo. Vorikonazoli nayo inapandisha takrolimusi, kwa hiyo dozi ya takrolimusi hupunguzwa na damu kupimwa mara kwa mara. Asijipangie mwenyewe. Matibabu ya kuvu huchukua wiki 6 hadi 12 au zaidi.

Akikohoa damu, msisubiri tarehe ya kliniki.