Celica "GT-Four" ya dalali au Datsun 240Z ya Kondoa: ipi itatunza hela

Mkuu, umeuliza mawili kwa pamoja: kama gari za michezo za zamani kweli zinapanda bei, na ukiwa na milioni 35 uchukue ile Celica "GT-Four" yenye taa nne za mviringo anayoitangaza dalali hapa Dodoma mjini, au Datsun 240Z iliyolala uani kwa marehemu mzee Kondoa. La kwanza nalimaliza haraka.

Nyingi hazipandi. Zinashuka kama Vitz tu kwa miaka 15 hadi 20, zinagota chini, na nyingi zinaishia kwa wauza chuma chakavu. Zinazopanda ni chache: zile zilizotamaniwa na vijana ambao leo wana miaka 45 na hela mfukoni, zilizobaki chache zikiwa nzima, na zenye jina la mashindano. Sheria za nchi nyingine nazo zinasukuma bei. Marekani gari ikitimiza miaka 25 inaingia bila kulazimika kukidhi masharti yao ya usalama ya magari mapya, ndiyo maana Nissan Skyline GT-R R32, iliyoanza kutoka 1989, ilianza kugombewa ilipokaribia 2014, na bei ikapaa hadi Japani kwenyewe.

Gari zako zote mbili jina zinalo. 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, ile ya 1973 akiendesha Shekhar Mehta. Celica ya turbo ST185 ilishinda Safari miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995. Ila mtu anayelipia jina hilo hayupo mitaa yetu ya Area C wala Kisasa. Yuko Nairobi, Dar, Uingereza, Japani, Australia. Kila shilingi unayoweka kwenye gari iweke ukimfikiria huyo, ambaye hataki spika kubwa wala rimu za inchi 18. Anataka gari ilivyotoka kiwandani, na karatasi za kuthibitisha hivyo.

Tuanze na Celica, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Celica za kawaida za kuvuta matairi ya mbele ni nyingi, GT-Four za turbo na za kuvuta matairi yote manne ni chache, na boneti yenye tundu la hewa inauzwa kivyake. Fungua boneti usome kibati kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Umbo la taa za kuchomoza: ST185 ndiyo GT-Four, ST182 ni ya kawaida. Umbo la taa nne za mviringo kama hiyo uliyoiona: lazima isome ST205. Ikisoma ST202, mazungumzo ya "GT-Four" yaishie hapo na bei irudi kwenye ya Celica ya kawaida. Kibati kikiwa kimeng'olewa au kina rivet mpya, ondoka tu.

Kibati kinaweza kuhamishwa, kwa hiyo lala chini ya gari uangalie nyuma. GT-Four inavuta matairi yote manne, lazima kuwe na propela na difu ya nyuma. Kisha chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isichubue rangi. Boneti ya ST205 ni ya alumini, sumaku haishiki. Ikishika, boneti si yake: ama iligongwa ikabadilishwa, ama gari yenyewe si ST205. Ipitishe sumaku hiyohiyo kwenye fenda, milango na juu ya matairi ya nyuma. Huko ikikataa kushika, ujue chini ya rangi kuna puti nene. Kama unaweza kuazima kipimo cha unene wa rangi, ya kiwandani husoma kati ya maikroni 80 na 150 hivi. Zaidi ya 200 imepigwa tena, na zaidi ya 500 hapo umenunua puti.

Kwenye injini, 3S-GTE ya GT-Four ni imara ila inataka mwenye nidhamu. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na jibu liwe risiti. Bila risiti hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, upunguze bei kwa gharama ya mkanda, tenshena na pampu ya maji kwa pamoja. Iwashe ikiwa ya baridi kabisa, asubuhi, kabla dalali hajaipasha. Moshi wa bluu ukitoka unapoachia mafuta kisha kukanyaga tena, turbo au sili za valvu zimechoka. ST205 inapoza hewa ya turbo kwa maji, ina mzunguko wake na pampu yake ndogo ya umeme. Mafundi wengi wasioijua wanaiacha imekufa, na gari inapoteza nguvu kwenye joto bila mtu kuelewa kwa nini.

Sasa kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), na hapa Dodoma kuna jambo linasahaulika. Mji uko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko Dar. Injini inayosoma psi 180 Dar itasoma kama 158 hapa ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo usimkimbie muuzaji kwa sababu namba iko chini ya kitabu, wala usidanganywe na vipimo vya Dar. Angalia tofauti ya silinda kwa silinda: isizidi asilimia 10. Plagi zote zitoke, betri iwe na chaji, mafuta yakanyagwe mpaka mwisho, mashine izungushwe mizunguko sita hivi. Silinda moja ikiwa chini, mwagia kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Twende Kondoa. Hiyo 240Z, kama ni nzima, mimi ningeanza nayo, na sababu kubwa ni ukame. Adui wa 240Z duniani kote ni kutu. Bodi iliyokaa Tanga au Dar inaliwa na hewa ya chumvi kuanzia ndani kwenda nje, ila iliyokaa ukanda huu wetu inaweza kuwa na injini imekufa kabisa na bado ikawa na thamani kuliko yenye injini inayonguruma huku sakafu imeoza. Injini inafufuka kwa hela unayoweza kuikadiria. Bodi iliyooza haina mwisho, na ufundi wa kuijenga kwa vipimo vya kiwandani ni wa kutafuta.

Beba tochi na bisibisi. Gonga chini ya betri, maana tindikali inavuja miaka na miaka na kula bati mpaka kwenye ukuta wa injini. Inua kapeti uone sakafu miguuni kwa dereva na abiria. Pita chini ufuate zile reli mbili za chesisi zinazotoka mbele kwenda nyuma, kisha kisima cha tairi la akiba, kizingiti cha mlango wa nyuma, na kona za bodi nyuma ya milango. Bati zima hulia kavu ukiligonga, lililooza linatoa sauti ya bubu na bisibisi inazama. Ikiwa imeliwa sakafu tu, si mwisho wa dunia. Zikiwa zimeliwa reli, bei ishuke nusu au uachane nayo.

Namba ya chesisi ya 240Z ya stelingi ya kulia inaanza na HS30, imechongwa kwenye bati la ukuta wa injini. Injini iwe L24, maandishi hayo yako kwenye bloku. Ukikuta L28 (kubwa zaidi, ya gari za baadaye) itatembea vizuri, hata kwa kasi zaidi, ila si yake na bei ishuke. Kama L24 ya asili imetupwa kona ya banda, inunue pamoja na gari hata ikiwa imeshika. Kabureta nazo zitazame: zenye kichwa bapa, za gari za 1973 za soko la Marekani, zinasumbua, na wengi walizitoa wakaweka za mviringo za miaka ya kabla. Hilo linasameheka.

Na tafadhali usikubali fundi aifunge kamba aiburute ili iwake. Injini iliyolala miaka ringi zimeganda ukutani, ukiiburuta unavunja ringi au unakwaruza silinda. Toa plagi sita, mwagia kila silinda oili kama mililita 5 hadi 10, acha siku mbili. Kisha izungushe kwa mkono, spana kwenye puli ya krenki, taratibu mizunguko miwili mizima. Ikikwama usilazimishe, ongeza oili usubiri. Mwaga petroli yote ya zamani, toa tangi lioshwe, maana kutu ya tangi ndiyo inaziba kabureta wiki ya kwanza na watu wanalaumu kabureta. Badilisha oili na filta, mipira yote ya mafuta na maji, oili ya breki. Hapo ndipo unaunganisha betri.

Karatasi. Huyo mzee ni marehemu, kwa hiyo mtoto wa kwanza kukupa funguo hakufanyi mmiliki. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na unataka nakala ya barua ya usimamizi, kadi halisi, na namba ya chesisi ya kwenye kadi ifanane herufi kwa herufi na ya kwenye bati. Namba ya injini kwenye kadi ikiwa ya injini nyingine, irekebishwe TRA kabla ya kuhamisha umiliki. Wakati wa kuuza nje ya nchi utaulizwa hayo yote, na ndugu mmoja aliyenung'unika anaweza kuisimamisha gari bandarini.

Jambo la kuchekesha ni namba yenyewe. Sokoni kwetu gari inauzwa kwa herufi, namba A inadharaulika, namba E inasifiwa. Kwa 240Z ni kinyume. Namba A inaonyesha ilikuwa hapa nchini tangu miaka ya mwanzo ya mfumo huu wa namba, na daftari la gereji la enzi hizo, picha ya familia ikiwa imeegeshwa mbele ya nyumba, risiti ya betri, vyote hivyo vina bei. Viombe. Watoto wa marehemu huvichoma na takataka.

Kuna mtu atakwambia agiza tu Japani. Piga hesabu. Gari yenye zaidi ya miaka 10 na injini ya zaidi ya cc 2,000: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 10, ushuru wa uchakavu 30, halafu VAT 18 juu ya jumla. Kitu cha milioni 20 kikifika bandarini kinakuwa zaidi ya milioni 41 kabla ya tozo ndogondogo, na TRA wanatumia thamani yao, si risiti yako. Pitia kikokotoo chao kwanza, viwango hubadilika na bajeti. Kodi hiyo mnunuzi wa nje hakurudishii. Gari iliyokwisha sajiliwa hapa imeshalipiwa na mwingine.

Kuitunza Dodoma. Kutu si tatizo sana, tatizo ni jua, vumbi na maji. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi: usiyaweke kwenye rejeta kamwe, tumia kulanti na maji ya betri yasiyo na chumvi (distilled) nusu kwa nusu, na ukiosha gari kwa maji ya kisima ifute kabla haijakauka. Jua linapasua dashibodi na mpira wa milango, na dashibodi nzima ya 240Z ni kitu cha kugombaniwa, kwa hiyo iegeshwe ndani, si chini ya mti. Usiifunike kwa turubai la nailoni: upepo wa Agosti ukipuliza, vumbi lililo chini yake linakuwa msasa. Shuka la pamba, na gari iwe safi kabla ya kufunikwa. Mitego ya panya iwekwe, wanapenda nyaya.

Iendeshe kila baada ya wiki mbili au tatu mpaka oili ipate moto kwelikweli, kama kwenda Chamwino na kurudi. Kwenye tuta pita kwa pembe, tairi moja moja, la sivyo egzosi inabaki hapo. Mchana wa Oktoba ukiizima 240Z kwa dakika 10 ikagoma kuwaka, petroli imechemka kwenye kabureta. Weka bati la kuzuia joto chini yake na funika bomba la mafuta. Kabureta iliyotuniwa Dar huku itakula sana na kuchafua plagi, itune upya hapa. Chochote cha asili unachokitoa, hata skrubu, kiingie kwenye boksi lenye maandishi. Rangi ya asili yenye mikwaruzo iache. Kupiga rangi mpya nyekundu ili "ivutie" ni kulipa fundi akupunguzie bei.

Bima, muulize wakala kama bima kubwa itaandika thamani mliyokubaliana. Kama wanahesabu uchakavu, ikipata ajali watakulipa kama chuma.

Mwisho hela. Tuseme milioni 35 zimeingia na unatumia milioni 2.5 kwa mwaka. Miaka 5 ni milioni 12.5. Hizo 35 kwenye hatifungani kwa riba ya asilimia 10, ukirudisha riba ndani, zingekuwa kama milioni 56. Kwa hiyo gari iuzwe karibu milioni 69 ndipo ulingane na aliyenunua hatifungani akalala usingizi. 240Z isiyo na kutu, L24 yake, karatasi zimekamilika, inaweza. ST205 ya kweli isiyoguswa inaweza pia, kwa kusubiri zaidi. ST202 yenye boneti ya kuazima haitaweza hata ukiifunga turbo mbili.

Ukienda Kondoa piga picha kibati, namba ya bati, bloku, chini ya betri na reli zote mbili, uziweke hapa pamoja na bei wanayotaka. Bila picha za reli usitoe hata kishika uchumba.