Yule dogo aliyeshinda Daytona 500 akiwa na miaka 20, alipotelea wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni mpenzi wa NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, na juzi nimeangalia tena Daytona 500 (mbio zao kubwa kuliko zote) ya 2011 aliyoshinda Trevor Bayne. Nakumbuka siku ile nilisema huyu atatawala miaka kumi, lakini baada ya pale hajashinda tena mbio za Cup, ile ligi ya juu ya NASCAR, hata moja. Mdogo wangu anasema alibahatisha tu, mi nasema timu ndo zilimharibu, tumebishana mpaka basi. Na swali la pili, dereva kijana akishapigwa chini na timu kubwa ndo habari yake imeisha?

JIBU: Marahaba. Nianze na la kubahatisha maana hilo linaniuma kidogo. Hapana, Bayne hakubahatisha, japo mdogo wako ana kitu anachokiona, nitafika huko.

Tarehe 20 Februari 2011 Bayne alikuwa ametimiza miaka 20 jana yake tu, na ile ilikuwa mbio yake ya pili kwenye Cup, ya pili! Gari lake namba 21 lilikuwa la Wood Brothers, timu kongwe ambayo wakati huo hata pesa ya kukimbia msimu mzima haikuwa nayo, na mara ya mwisho wao kushinda Daytona 500 ilikuwa 1976 na David Pearson. Sasa lami ya Daytona ilikuwa mpya, imemwagwa 2010, tairi zinashika vizuri, kwa hiyo madereva wakagundua magari mawili yakigusana bampa kwa bampa yanakwenda kasi kuliko kundi zima. Siku ile uongozi ulibadilika mara 74 kati ya madereva 22.

Watu wanaona kusukuma ni kazi rahisi, si rahisi hata kidogo. Wa nyuma mbele yake haoni barabara, anaona bampa na kioo cha mwenzake basi, macho yake ni yule mtu wa juu jukwaani anayemwambia kwenye redio nani yuko chini nani yuko juu, na huku injini yake haipati hewa, inachemka, akizubaa inakufa. Ukimgusa mwenzako pembeni kidogo tu ya bampa kwenye kona umemzungusha na nyie wote mmeishia ukutani. Bayne aliifanya kazi hiyo wiki nzima, mpaka Jeff Gordon, bingwa mara nne, alikubali kusukumwa naye kwenye mbio za mchujo, na mtu wa hadhi ya Gordon hampi mgongo wake dogo asiyemwamini.

Mwisho wa mbio angalia vizuri pale wanapoanza upya baada ya ajali. David Ragan alikuwa anaongoza, akahama mstari kabla hajavuka pale pa kuanzia ili akae mbele ya Bayne, waamuzi wakampa bendera nyeusi, yaani adhabu. Hapo ndo uongozi ulimwangukia Bayne. Ajali nyingine ikatokea, wakaanza upya tena, safari hii Bayne yuko mbele, Bobby Labonte anamsukuma, Carl Edwards anakuja kwa kasi nyuma yao, na dogo hakukosea kitu chochote mpaka mstarini. Akawa mshindi mdogo kuliko wote katika historia ya mbio zile. Alipotakiwa kwenda kwenye eneo la ushindi akapitiliza kona yake, hakujua ni wapi, hajawahi kwenda.

Timu ikapata zaidi ya dola milioni 1.4, ila pointi sifuri. Mwaka ule ndo kanuni ilianza kwamba dereva achague ligi moja tu ya kukusanyia pointi, na Bayne alikuwa amejaza daraja la pili, Nationwide.

Sasa anguko. Lilianza mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Aprili hiyohiyo ya 2011 akaanza kuumwa, mwili umechoka, anaona vitu viwili viwili, akakaa nje mpaka Juni. Hebu fikiria dereva anayeona mawili mawili! Novemba 2013 akatangaza mwenyewe kwamba ana maltipo sklerosisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia neva. Madaktari walimruhusu aendelee na yeye akaendelea, na kwa hilo namheshimu mno.

Ila mi nadhani kilichomrudisha nyuma zaidi ni muda wa kujifunza. Miaka minne ile, 2011 mpaka 2014, kwenye Cup alikuwa anakimbia mbio chache tu kwa mwaka kwa sababu Wood Brothers hawakuwa na mdhamini wa kutosha. Na tangu 2009 NASCAR walikataza timu kwenda kujaribu magari kwenye viwanja vyao vya mashindano, wakitaka kupunguza gharama, nia nzuri kabisa, lakini aliyeumia ni kijana. Enzi za Gordon dogo alikuwa anazungushwa uwanjani katikati ya wiki, anakosea, anafundishwa. Hawa wa baadaye wakikosea wanakosea Jumapili watu wote wanaona.

Na hapa ndo pa mdogo wako. Daytona magari yote yamepunguziwa nguvu ya injini, yanakaribiana, akili na ujasiri vinaweza kukubeba. Kwenye viwanja vya maili moja na nusu, ambavyo ndo vilikuwa vingi kwenye ratiba enzi zake, kazi ni nyingine kabisa, unatakiwa umweleze fundi mkuu kwenye redio ukiwa spidi ya ajabu kwamba gari linagoma kukata kona katikati, au mkia unataka kukimbia ukikanyaga mafuta, ili ukiingia piti, pale magari yanapohudumiwa, wajue wapunguze upepo tairi gani na ile spana inayopitishwa kwenye kioo cha nyuma waizungushe upande upi. Hiyo lugha haifundishwi darasani, inatoka kwenye mizunguko mingi sana.

2015 timu ya Roush wakampa msimu mzima na gari namba 6, lakini Roush yenyewe ilikuwa inashuka. Akamaliza wa 29 mwaka ule, halafu wa 22 miaka miwili mfululizo. Sitaki kulaumu magari peke yake, maana Ricky Stenhouse waliyekuwa naye timu moja alishinda mara mbili 2017, Talladega na Daytona. Lakini ona ni viwanja gani hivyo, vyote vya aina ileile ya Daytona! 2018 katikati ya msimu wakamwingiza dereva mkongwe Matt Kenseth awe anapokezana naye kiti, na Septemba wakamwambia mwakani hayupo. Akarudi kwao Knoxville akafungua duka la kahawa.

Swali lako la pili, mwangalie Joey Logano. Huyu naye alisifiwa kupita kiasi, 2009 timu ya Joe Gibbs ikamkalisha kwenye kiti cha Tony Stewart, mwaka uleule wa marufuku ya majaribio, na Juni akashinda uwanja wa Loudon akiwa na miaka 19, mbio zilizokatishwa na mvua. Baada ya hapo miaka mitatu mizima karibu kavu, ushindi mmoja tu Pocono 2012, na mwisho wa mwaka huo wakamtoa. Aliyechukua kiti chake? Matt Kenseth huyohuyo! Logano alikuwa na miaka 22 tu na watu wakamzika. Timu ya Penske wakamchukua, gari zuri, watu wenye subira, 2015 akashinda Daytona 500, halafu ubingwa 2018, 2022 na 2024.

Kwa hiyo hapana, haijaisha, inategemea anayekupokea ana gari gani. Bayne mwenyewe 2022 alirudi kwa mbio chache za daraja la pili na gari la Joe Gibbs, na alikuwa anakimbizana na wa mbele kama hajawahi kuondoka. Mwonyeshe mdogo wako hizo za 2022, halafu mrudie tena mzunguko wa mwisho wa 2011, mwambie aangalie kona ya nne tu, jinsi gari jekundu na jeupe linavyobaki kwenye mstari wake huku Edwards analikaribia.