Mwanangu ananakili michezo ya kompyuta bila kulipa: nimkataze?

Mama, umeeleza kwamba mwanao wa kidato cha pili hujaza flashi yake michezo iliyonakiliwa kwa wizi katika duka moja karibu na stendi ya Moshi, na hujibu kwamba wenye michezo hiyo ni matajiri wa Ulaya wasioweza kuumia. Kwa maoni yangu ni kosa, na hoja yake haina msingi hasa kwa michezo ya watengenezaji wadogo.

Mwonyeshe mchezo wa Stardew Valley, uliotoka mwaka 2016: Eric Barone aliutengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka 4, akichora picha, akitunga muziki na kuandika programu yote. Mtengenezaji wa aina hiyo hana mshahara, na duka la michezo la mtandaoni la Steam kwa kawaida hukata asilimia 30 ya bei ya kila nakala kabla yeye hajapata chochote. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inalinda programu za kompyuta.

Hata hivyo, usimfokee, kwani dola 15 hivi za mchezo kama huo ni fedha nyingi kwa mtoto wa shule. Mfundishe kusubiri punguzo la bei, na umsajilie kadi ya mtandaoni inayojazwa kutoka kwenye pochi ya simu yako. Kwenye tovuti ya itch.io watengenezaji wengi hutoa michezo yao bure kwa hiari yao. Aanzie huko, akiupenda mmoja amwandikie aliyeutengeneza, maana wengi wao husoma wenyewe maoni ya wachezaji.